Kutoka Mabomba Hadi Nyaya: Umeme Unavyochukua Kazi ya Mafuta Ndani ya Ndege





Katika Suratul Mulk, aya ya 19, tunaelekezwa kuwatazama ndege walioko juu yetu. Siku tuliposoma aya hiyo darasani, mwenzenu mmoja aliuliza swali lililowachekesha wengi: ndege yule wa Mwenyezi Mungu ana misuli, je, hii ndege ya chuma inayotua Songwe inageuza mabawa yake kwa nguvu gani? Kabla kicheko hakijaisha, mwingine akauliza la pili: na injini zikizimika huko juu, nguvu hiyo inatoka wapi? Hapo darasa likanyamaza, kwani wengi wenu mna wazazi waliokwenda Hijja au ndugu wanaosafiri kwenda Dar es Salaam kwa ndege. Tuliahidi kuyajibu yote mawili katika jarida hili, na sasa tunatimiza ahadi.

Twende kwanza barabarani

Anayetaka kuielewa ndege aanze na vyombo anavyovijua. Baiskeli ina breki za waya: unabana mkononi, waya unavuta, mpira unashika rimu. Ukibana kidogo inashika kidogo, na nguvu yote ni ya mkono wako. Tipa la mchanga halitumii waya. Dereva anavuta kijiti kidogo, pampu inasukuma mafuta kwenye jeki, na tani kadhaa za mchanga zinainuka taratibu. Hayo mafuta hayabanwi yakapungua, kwa hiyo ukiyasukuma upande huu yanatoka na nguvu ileile upande wa pili. Mfumo huu wa mafuta ya presha ndio unaoitwa haidroliki. Njia ya tatu ni upepo. Malori na mabasi yanayoshuka Mlima Kitonga yana breki za upepo, na ule mlio wa "psshh" mnaousikia yanaposimama ni upepo unaoachiwa.

Ndege imetumia njia zote hizi tatu, na kwa muda mrefu zote kwa pamoja. Zile ndege ndogo za injini moja aina ya Cessna Caravan, ambazo kwa miaka mingi zilileta abiria kiwanja cha Nduli, Iringa, zinageuzwa kwa nyaya zinazopita kwenye puli kutoka usukani wa rubani hadi mkiani. Kimsingi ni breki ya baiskeli iliyorefushwa. Njia hii ni nyepesi, rahisi, na fundi anaiona kwa macho. Lakini ndege kubwa inayokwenda kilometa 900 kwa saa inasukumwa na upepo mkali kiasi kwamba mikono ya rubani haiwezi kuvigeuza vile vibao vya nyuma ya mabawa na mkiani. Hapo ndipo haidroliki ilipoingia.

Geji ya fundi pancha ikisoma 30, tairi la gari dogo limejaa. Hizo ni paundi 30 kwa kila inchi ya mraba. Mafuta ya haidroliki katika ndege nyingi za abiria yana presha ya paundi 3,000 kwa inchi ya mraba, yaani mara mia moja ya tairi hilo. Kwa presha hiyo jeki nyembamba inainua magurudumu, inageuza mkia na kufunga breki. Pampu zake nyingi huzungushwa na injini zenyewe.

Aibu ya mabomba

Ubaya wa mafuta ni mmoja, nao ni mkubwa. Mabomba hutambaa ndege nzima, na kila mfumo una mafuta yake yanayozunguka humo. Bomba likipasuka mahali popote, mafuta yote ya mfumo huo yanaweza kumwagika. Kwa sababu hiyo wahandisi huweka mifumo mitatu au minne, ili mmoja ukifa mingine ibaki. Hesabu ni nzuri, ila kuna mahali mabomba ya mifumo yote hukaribiana, na mahali hapo hasa ni mkiani.

Tarehe 12 Agosti 1985, ndege ya Japani aina ya Boeing 747 ilipasuka ule ukuta wa nyuma unaozuia hewa ya ndani isitoke. Ukuta huo ulikuwa umetengenezwa vibaya miaka saba nyuma. Hewa iliyotoka kwa kishindo iling'oa sehemu ya mkia na kukata mabomba ya mifumo yote minne. Marubani walihangaika kwa kama nusu saa wakiiongoza ndege kwa kuongeza na kupunguza nguvu za injini tu, hadi ikaanguka mlimani. Walikufa watu 520, wakaokoka wanne.

Miaka minne baadaye, tarehe 19 Julai 1989, nchini Marekani, injini ya mkiani ya ndege aina ya DC-10 ilipasuka, na vipande vyake vikakata mifumo yote mitatu kwa mpigo. Nayo iliongozwa kwa injini tu. Kati ya watu 296 waliokuwamo, 112 walifariki na 184 wakasalimika, jambo ambalo marubani wenyewe hawakulitegemea.

Tumeyasimulia haya kwa sababu wengi hudhani kwamba ndege zinawekewa umeme kwa ajili ya kwenda na wakati tu. Hoja yenyewe ni ya usalama pia. Waya mmoja ukikatika, kifaa kile kimoja ndicho kinachokosa umeme. Umeme haumwagiki ukavimaliza vifaa vingine. Unaweza kuuzima upande mmoja na kuupitisha njia nyingine, na nyaya za akiba zikapitishwa mbali kabisa na zile za kwanza.

Ndiyo maana Airbus A380, ile ya ghorofa mbili inayoonekana sana Dubai, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2007, haikuwekewa mifumo mitatu ya mafuta. Iliwekewa miwili ya mafuta na miwili ya umeme. Baadhi ya vibao vyake vina jeki yenye mota na pampu yake ndogo palepale, na kikombe chake cha mafuta pembeni. Hakuna bomba refu linalotoka injini hadi mkiani, bali ni waya tu.

Dreamliner

Tarehe 8 Julai 2018 ilitua Dar es Salaam Boeing 787 ya kwanza ya Air Tanzania, maarufu kama Dreamliner, na nyingine zikafuata mwaka 2019 na 2024. Kwa mambo tunayoyazungumza, hii ndiyo ndege ya abiria iliyokwenda mbali kuliko zote zilizotangulia.

Tuanze na hewa. Ndani ya injini ya ndege kuna sehemu inayobana hewa kabla mafuta hayajaunguzwa, na hewa hiyo inakuwa ya moto sana. Ndege nyingi huichota, zikaipoza kidogo na kuwapa abiria wavute. Ileile hupelekwa kwenye mabawa kuyeyusha barafu, na hutumika pia kuwasha injini. Ni uchumi mzuri, ila kila unachochota injini unailipia kwa mafuta, na mpira wa kuzuia oili ukivuja, harufu yake huingia kwa abiria. Dreamliner imeachana na mtindo huo karibu wote. Ina kompresa za umeme zinazochukua hewa ya nje moja kwa moja. Mabawa yake hupashwa joto na mikeka ya umeme iliyolazwa ndani ya ngozi ya bawa, mfano wa pasi. Injini zake huwashwa kwa umeme, na breki za magurudumu ni za umeme: kila gurudumu lina visukumio vinne vyenye mota, vinavyobana sahani za kaboni. Breki ya mafuta ikivuja juu ya sahani zenye moto huweza kuwaka. Hii haina mafuta ya kuvuja.

Haya yote yanahitaji umeme mwingi. Kila injini ina jenereta mbili za kilovolti-ampia 250, na injini ndogo ya mkiani ina mbili za 225. Jumlisheni mtapata 1,450. Bwawa la Mtera, tunalochangia Iringa na Dodoma, lina uwezo wa megawati 80. Kwa hesabu ya haraka haraka, Dreamliner hamsini na tano hivi zingefikia uwezo wa Mtera. Na jenereta hizohizo za injini ndizo zinazogeuka kuwa mota wakati wa kuwasha.

Wale wa kidato cha tatu watatusaidia hapa. Ndege za zamani zilitumia volti 115, Dreamliner inatumia 230, namba ileile ya soketi ya nyumbani. Kwa nini wakaiongeza mara mbili? Kwa kazi ileile, volti zikiwa mara mbili, mkondo unakuwa nusu, na joto linalopotea kwenye waya uleule linakuwa robo. Kwa hiyo waya unaweza kuwa mwembamba na mwepesi. Njia ya umeme inayotoka Kidatu kupita Iringa na Mufindi hadi Mbeya ina volti 220,000 kwa sababu hiyohiyo.

Kuna jambo moja ambalo sisi wa nyanda za juu tunapaswa kulifurahia. Ndege nyingi zikiwa juu kabisa, hewa ya ndani huwa nyepesi kama ya mlima wa mita 2,400. Ni kama kumketisha mzee wako karibu na uwanda wa Kitulo kwa saa tano. Dreamliner huiweka kwenye mita 1,800 hivi. Mji wa Mbeya uko takribani mita 1,700. Kwa hiyo mzee wa Mbeya akipanda Dreamliner anavuta hewa ya nyumbani kwake, na ni yule wa Tanga atakayesema amepanda mlima! Sifa hii haitokani na umeme peke yake. Mwili wa ndege hiyo ni wa nyuzi za kaboni badala ya bati la alumini, na unastahimili zaidi presha ya ndani.

Na hapa tuwe waadilifu. Wauzaji husema Dreamliner inatumia mafuta pungufu kwa asilimia 20 kuliko ndege iliyoitangulia, na watu wakadhani ni kazi ya umeme. Boeing wenyewe walikadiria kwamba kuacha kuchota hewa ya injini kunaokoa asilimia 1 hadi 2 tu ndege ikiwa imetulia angani. Sehemu kubwa ya akiba inatokana na injini bora, umbo la mabawa na wepesi wa kaboni. Tena haidroliki haijafukuzwa. Dreamliner bado ina mifumo mitatu ya mafuta, na presha yake imepandishwa hadi 5,000. Magurudumu hukunjwa kwa mafuta na vibao vingi hugeuzwa kwa mafuta. Mafuta bado yana nguvu sana kwa jeki ndogo, na hili umeme haujaliweza vizuri.

Anayesafiri kati ya Songwe na Dar es Salaam hahitaji kungoja Dreamliner ili aonje mabadiliko haya. Airbus A220 za Air Tanzania, ambazo zimekuwa zikitua Songwe, zina breki za umeme, na usukani wa rubani hauvuti waya wowote wa chuma. Unapeleka ishara kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoamuru jeki.

Hapa mtauliza: kama umeme ni mzuri hivi, mbona ulichelewa? Haukuchelewa. Waingereza walirusha mwaka 1951 ndege ya vita iitwayo Vickers Valiant iliyotumia umeme karibu kwa kila kitu. Hata Caravan yetu ya Nduli ina mota ya umeme inayoshusha vile vibao vya kutulia. Tatizo lilikuwa uzito. Mota yenye nguvu ya jeki ilikuwa kubwa mno. Mambo yalibadilika zilipopatikana sumaku kali ndogo na vifaa vya elektroniki vinavyoweza kukata na kuunga umeme mwingi maelfu ya mara kwa sekunde.

Umeme nao una lake

Msidhani tumeikimbia hatari tukaiacha nyuma. Waya uliochubuka hutoa cheche, na juu angani, hewa ilipo nyepesi, cheche huruka kirahisi zaidi. Tarehe 2 Septemba 1998 moto ulioanzia juu ya chumba cha marubani, penye nyaya, uliiangusha ndege ya Swissair karibu na pwani ya Kanada, wakafa wote 229.

Dreamliner nayo ilipata mtihani wake mapema. Tarehe 7 Januari 2013 betri ya moja ya ndege hizo iliwaka ikiwa imeegeshwa Boston. Siku tisa baadaye nyingine ikatua kwa dharura huko Takamatsu, Japani, baada ya betri kutoa moshi. Zilikuwa betri za lithiamu, ndugu wa zile za simu zenu. Dreamliner zote 50 zilizokuwapo duniani zikasimamishwa kwa zaidi ya miezi mitatu. Dawa iliyopatikana ni kuitenganisha zaidi seli moja na nyingine, kisha kuifungia betri nzima ndani ya sanduku la chuma lenye bomba la kutolea moshi nje ya ndege. Ya kwanza kurudi kubeba abiria ilikuwa ya Ethiopian Airlines, iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi tarehe 27 Aprili 2013.

Kisha kuna kisa tunachokipenda sana cha mwaka 2015. Mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza kwamba Dreamliner isiachwe na umeme wake ukiwaka mfululizo siku 248. Ndani ya kompyuta zinazolinda jenereta kulikuwa na kihesabu kilichokuwa kikijaa baada ya muda huo, na kikijaa, jenereta zote zingeweza kujizima kwa pamoja, hata ndege ikiwa angani. Chukueni kalamu. Moja zidisha mbili mara thelathini na moja, mtapata 2,147,483,648. Zikiwa ni sehemu za mia za sekunde, gawanyeni kwa 100, kisha kwa sekunde 86,400 za siku. Jibu ni siku 248 na nusu. Dawa ya muda ilikuwa ileile ya redio ya babu: zima, kisha washa. Bomba la mafuta linaweza kupasuka, lakini haliwezi kukosea hesabu.

Na injini zikizimika?

Sasa swali la pili, ambalo ndilo lililowanyamazisha. Ndege haianguki kama jiwe. Inateleza na hewa, ila inahitaji nguvu ya kugeuza vile vibao. Kwanza kuna betri, kwa ajili ya vyombo vya muhimu vya rubani. Kisha chini ya tumbo hufunguka kipangaboi kidogo kinachozungushwa na upepo wa mwendo wa ndege yenyewe. Katika Dreamliner kipangaboi hicho hutoa umeme na presha ya mafuta, vyote viwili.

Tarehe 23 Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani kwa sababu waliojaza walichanganya paundi na kilo. (Wale wanaodharau somo la vipimo, wasome sentensi hiyo tena.) Injini zote mbili zilizimika. Kile kipangaboi kikawapa marubani nguvu ya kuiongoza, wakatua kwenye kiwanja kilichoachwa huko Gimli, na hakuna aliyekufa. Dua ya safari tunaisoma kabla ya kuondoka, na aliyeunda kipangaboi kile naye alifanya sehemu yake.

Ufundi umehama

Fundi wa ndege wa zamani alijulikana kwa mafuta mikononi. Wa leo anashika spana asubuhi, na mchana anakaa mbele ya kompyuta akisoma kosa lililoandikwa na jenereta. Anayetaka kazi hii asiridhike na ufundi wa injini tu. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, kinafundisha matengenezo ya ndege, na karibu zaidi kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ambacho wazee bado wanakiita Chuo cha Ufundi. Huko umeme na elektroniki vinasomwa, na mlango wake ni fizikia na hisabati za sekondari, zile ambazo baadhi yenu mlitutangazia mwaka huu kuwa mnaziacha.

Tumezitaja sumaku kali. Nyingi hutengenezwa kwa madini yaitwayo neodimiamu na praseodimiamu. Madini hayo yapo katika kilima cha Ngualla, wilaya ya Songwe, eneo lililokuwa mkoa wa Mbeya hadi Songwe ulipofanywa mkoa mwaka 2016. Leseni maalumu ya kuyachimba ilitolewa mwaka 2023, Serikali ikiwa na hisa asilimia 16. Kuyachimba ni hatua ya kwanza tu. Kuyatenganisha moja na jingine ni kazi ngumu ya kemia, na kuyageuza kuwa sumaku ni kazi nyingine tena, na hadi sasa sehemu kubwa ya kazi hizo mbili hufanyika China. Darasa la saba wameomba safari ya kwenda kukiona kilima hicho, na walimu tunaizungumza.

Wallaahu a'lam.